Pasipoti Mbili si Uhaini



Kabla ya Agosti 2010, mzaliwa wa Ruring'u aliyechukua uraia wa Uingereza alipoteza ule wa Kenya. Akija kumzika mamaye, alihesabiwa siku za kukaa kama mtalii, kwao! Kifungu cha 16 cha Katiba mpya kiliikomesha aibu hiyo. Sasa mwenye pasipoti mbili huingia London kwa ya huko, na nyumbani kwa ya Kenya, akae apendavyo bila viza.

Lakini Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 yamtaka autangaze uraia wa pili katika miezi 3. Asipofanya hivyo, faini ni hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Yote hayo kwa kuchelewa kujaza fomu? Bunge na liipunguze adhabu hiyo.