Si Ujinga Uliokwamisha Chanjo

Mwandishi aliyedai kwamba Watanzania waliikwepa chanjo ya UVIKO-19 kwa sababu hawajasoma amewaonea. Mama huyo huyo anayemwita mjinga hufika kliniki asubuhi na mapema, mtoto mgongoni, kadi mkononi, na tarehe ya chanjo ya surua ameikariri. Kilichomtia shaka ni kauli za wakubwa. Januari 2021 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba chanjo hizo hazifai. Julai 28 mwaka huo huo Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Nani alimweleza mama huyo kilichobadilika? Kwa mwaka mzima kabla ya hapo hata takwimu za wagonjwa hazikutangazwa. Akabaki na sauti za WhatsApp kuhusu ugumba, ambao ulikuwa uzushi mtupu, na kuhusu damu kuganda, jambo la kweli ila la nadra sana, lililohitaji muuguzi mwenye subira ya kulifafanua. Mwaka 2022 wahudumu wa afya walipowafuata watu majumbani na sokoni, waliochanjwa waliongezeka kwa kasi. Kiwango chao cha shule kilikuwa kile kile. Na wenye shahada waliosambaza sauti zile, mbona mwandishi hakuwagusa?