Sato, Baridi na Amana ya Ziwa Letu

Ndugu zetu Waislamu, sisi tuishio Buhembe na vitongoji vya Bukoba tunaijua baridi ya alfajiri ya siku za mvua. Mwenye bwawa la samaki bondeni huiona kwa sato wake: hula kidogo, hukua polepole. Maji yakishuka chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi, sato huacha kula. Yakikaribia nyuzi 10, hufa.

Mfugaji asidhani kuwa chakula kingi kitaiondoa hali hiyo. Mpaka wa kustahimili baridi umo katika jeni, yaani urithi ambao kila kiumbe huupokea kwa wazazi wake. Katika bahari ya Antaktika, ambako maji hukaribia nyuzi 2 chini ya sifuri, wapo samaki wasioganda. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Arthur DeVries aligundua kuwa damu yao ina protini inayozishika chembe za barafu zisikue. Mwaka 1997 yeye na wenzake walionyesha kuwa jeni ya protini hiyo ilitokana na jeni ya kimeng'enya cha kusaga chakula. Subhana Allah!

Sato hakupewa kinga hiyo. Lakini jamaa yake, perege wa buluu wa Misri na Bonde la Yordani, hustahimili baridi kumzidi. Ndiyo maana wafugaji wa nchi zenye majira ya baridi huwazalisha pamoja.

Hapa pana mazingatio. Wafugaji hao walilikuta ghala la urithi likiwa salama. Je, la kwetu? Ngege, samaki wa asili wa Ziwa Viktoria, amepungua mno tangu sato na sangara walipopandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, naye amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Amesalia zaidi katika maziwa madogo, na huko nako akizaliana na sato, urithi wake huchanganyika na hautenganishiki tena.

Basi tunausiana. Mwenye bwawa alichimbe penye jua, wala asiyaache maji baridi ya chemchemi yapite humo mchana kutwa. Aulize vifaranga vimetoka wapi. Wala asiwamwage samaki wa kufugwa katika Mto Kanoni, kijito au ziwa dogo lolote. Kilichopotea katika urithi hakinunuliwi sokoni, na wanetu watatuuliza tulikiwekaje.