Kujiuliza si Kosa la Jinai

Miaka kadhaa iliyopita, hapa Singida ninakofundisha, mwanafunzi mmoja alibisha hodi ofisini kwangu jioni, wenzake walipokwisha kuondoka. Aliniamkia, akaketi, akanyamaza kwa muda mrefu akiitazama miamba kupitia dirishani. Kisha akasema, "Mwalimu, nadhani mimi siko kama wenzangu. Moyo wangu hauvutwi na wasichana." Kwa hofu yangu nilimjibu kwamba mitihani ilikuwa karibu, hayo mengine yangepita. Aliaga kwa adabu, wala hakurudi tena. Jibu langu lile bado linanisumbua.

Tuanze na sheria, maana ndiko wengi wetu tunakokimbilia. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaadhibu kujamiiana "kinyume cha maumbile" kwa kifungo cha maisha, au kifungo kisichopungua miaka 30. Adhabu hiyo ni kali mno, na lugha yake ni urithi wa mkoloni: Waingereza waliiandika katika Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, nayo ikafika Tanganyika pamoja na utawala wao. Hata hivyo, kifungu hicho kinazungumzia tendo. Hakimgusi kijana anayekesha akijiuliza moyo wake unaelekea wapi.

Wapo wasemao kwamba mwelekeo huu wa kimapenzi umeletwa na wageni. Lakini maneno hanithi na msagaji yalikuwamo katika Kiswahili kabla yeyote kati yetu hajasikia habari za intaneti. Jamii haiwi na jina la kitu isichokijua. Wengine husema ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliuondoa katika orodha yake ya magonjwa mwezi Mei 1990.

Kinachoua ni hofu. Oktoba 2018, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga. Serikali ilieleza baadaye kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi. Kauli ya pili haikuifuta ya kwanza katika mioyo ya vijana. Mtu anayeogopa kutajwa haendi kupima VVU, hamwendei mshauri, na hana wa kumwambia anapofikiria kujiua.

Simwombi mtu yeyote abadili imani yake. Ninawaomba walimu wenzangu, wauguzi na maofisa ustawi wa jamii mambo mawili. La kwanza, siri ya anayekuja kwetu ibaki kwetu; hilo ni sharti la taaluma zetu, si fadhila. La pili, tusimharakishe. Kijana wa miaka 20 anaweza kuhitaji muda mrefu kujielewa, na si kazi yetu kumbandika jina wala kumwahidi tiba ya kisicho ugonjwa.

Nawe mwanafunzi unayesoma haya kwa kificho, kujichunguza hakukuvunjii utu wala hakuvunji sheria. Chagua kwa uangalifu wa kumwambia, maana si kila sikio ni salama. Na kama ni wewe uliyebisha hodi jioni ile, naomba radhi. Nilipaswa kukusikiliza.