Siku Tisa za Bwana Burton

Wapo wasomi wetu wanaomtaja Bwana Burton kana kwamba ndiye shahidi wa desturi za babu zetu. Shahidi gani huyo? Alifika Uvira mwezi wa Aprili 1858, akakaa siku tisa tu, ulimi umejaa vidonda hata kusema ni shida. Milima ya Bijombo hakuipanda. Lakini kitabu chake cha 1860 chawahukumu watu wa nchi hizi jumla jumla!

Wana watatu wa mtawala Maruta walimwambia wazi: Rusizi huingia ziwani. Mwaka 1864 akaandika kwamba ziwa humwaga maji yake kaskazini. Livingstone na Stanley walikwenda wenyewe mwaka 1871, wakaona mto unaingia. Basi, asiyewasadiki wenyeji juu ya mto wao, tumsadiki yeye juu ya ndoa na matambiko yao?