Nyayo za Mama na Mishipa Yake ya Fahamu

Wiki hii twawaandikia hasa wasomaji wetu wenye wazazi au wakwe huko Kisii na Nyamira, ingawa jambo lenyewe laihusu kila nyumba yenye mgonjwa wa sukari. Nchi ile ni ya vilima na mvua. Mji wa Kisii upo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri yake si kama ya kwetu Pwani: maji ya udhu hutiwa motoni kwanza. Kukicha, mama huvaa gambuti akashuka kuchuma chai. Maji ya moto na gambuti ndivyo vilivyotushikisha kalamu.

Nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, baina ya mfupa uliotokeza na kisigino, hupita mshipa mkuu wa fahamu uendao wayoni. Matabibu huuita neva ya tibia. Asili yake ni uti wa mgongo. Huteremka pajani na nyuma ya shavu la mguu, hupenya njia nyembamba iliyofunikwa na ukanda mgumu, kisha hugawanyika. Tawi moja hurejea kwenye ngozi ya kisigino. La pili hushika upande wa ndani wa wayo, likahudumia kidole gumba, viwili vinavyofuata na nusu ya cha nne. La tatu hukata kwenda upande wa nje, kwa nusu iliyobaki na kidole cha mwisho. Aujuaye mkono atatambua kwamba kiganja nacho kimegawanywa vivyo hivyo. Subhanallah!

Kisigino chenyewe kimewekewa mto wa mafuta uliopangwa katika vijumba vidogo vidogo, na ndani yake zimo ncha za mishipa zihisizo mgandamizo. Nyingine, zilizo katika ngozi, huhisi joto na maumivu. Mtu akanyagapo mwiba, mguu huinuka kabla hajajua kilichomchoma, kwa kuwa amri hutoka kwenye uti wa mgongo bila kuungoja ubongo.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huiharibu mishipa hii, na mirefu ndiyo hutangulia. Kwa hiyo ganzi huanzia vidoleni, ikapanda wayoni na kisiginoni, mfano wa mtu avaaye soksi. Mwanzoni mgonjwa huhisi kama siafu wanamtambaa, na usiku nyayo humuwakia moto. Kisha moto huzimika. Wengi hufurahi hapo, wakadhani dawa imefanya kazi, kumbe huenda mlinzi ndiye aliyekufa! Kijiwe kikiingia ndani ya gambuti, mama atapanda na kushuka nacho kilima kutwa nzima asijue. Maji yatamuunguza naye ayaone vuguvugu tu. Kidonda kisichouma hakitazamwi, na kisipotazamwa huoza, hata mguu ukatwe. Wagusii wamejulikana tangu zamani kwa mafundi wao, ababari, waliofungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa. Lakini wayo wa bibi kizee, huko na kwetu pia, haufunuliwi na mtu.

Sisi Waislamu tumepewa nafasi ya kuufunua. Katika safari moja Masahaba walitawadha kwa haraka, wakati wa Alasiri umewabana, visigino vikabaki vikavu, Mtume (S.A.W.) akawaonya kwa sauti ya juu kuhusu moto. Mkono unaokifikia kisigino kila udhu waweza pia kupapasa ufa, lengelenge na uvimbe. Mama asiyeweza kupinda goti hauoni wayo wake, basi binti au mkaza mwana amtilie maji na amtazamie. Maji yapimwe kwa kiwiko, wala si kwa mguu. Baina ya vidole pafutwe pakauke. Gambuti zikung'utwe kabla ya kuvaliwa, zivaliwe na soksi, na miguu isiotwe jikoni.

Lipo pia jaribio lisilohitaji kifaa. Mama afumbe macho. Mwanawe amguse kidogo kwa ncha ya kidole, bila kubonyeza, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho vya kila mguu, na mama aseme kila ahisipo. Miguso ni sita. Asipohisi miwili au zaidi, apelekwe kliniki ya kisukari bila kungoja kidonda. Huko watamgusa wayo kwa uzi wa nailoni upindao kwa uzito wa gramu 10, na watampima mapigo ya damu mguuni.

Na ikiwa kidonda kimekwisha kutokea na kimefungwa bendeji, asikifungue wala kukilowesha kwa ajili ya Sala. Katika madhehebu yetu ya Shafi, huosha palipo pazima, akapaka maji juu ya bendeji ikiwa hayamdhuru, na akatayamamu.