Mwezi mpevu wa Septemba, twende mji gani?

Juma lililopita nilikaribishwa chai katika nyumba moja ya Buzebazeba, hapo barabara itokayo Kigoma inapoelekea Ujiji, nikakuta mzozo. Haukuwa mzozo wa kuvunja nyumba. Ulikuwa wa kuchagua mji. Baba mwenye nyumba hununua dagaa Kibirizi na kuwauzia wachuuzi wa bara. Mkewe ni fundi cherehani. Wana binti wa kidato cha tatu na kijana wa darasa la nne, na katika chumba cha uani anaishi mama yake baba, bibi aliyekwisha pita miaka sabini. Kibubu cha nyumba hiyo kimejazwa kwa miaka miwili ili wote watano wasafiri katika likizo fupi ya Septemba. Kimekwisha vunjwa, fedha zimehesabiwa juu ya mkeka, na tangu saa hiyo hakuna aliyekubaliana na mwenzake.

Binti ndiye aliyekuja na orodha. Alikuwa amesoma katika simu ya mama yake namna Wazungu wanavyochagua miji ya kutembelea majani yanapopukutika: Vienna, Prague, Lisbon. Sikucheka, wala ndugu msomaji usicheke, kwa maana mtoto asiyetamani mji wa mbali hataisoma ramani. Tulichukua karatasi tukapiga hesabu pamoja. Ada ya viza ya nchi za Schengen, tangu Juni 2024, ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili. Kwa nyumba ile ni euro 405 kabla mtu hajaliona bawa la ndege, na viza ikikataliwa ada hairudi. Bado bima ya safari, ambayo sharti ikinge matibabu ya euro 30,000 kwa kila mmoja. Binti akaifunga simu mwenyewe.

Hata hivyo Wazungu wale wana busara moja ambayo tunaweza kuiazima bila viza. Wao huchagua wakati kwanza, kisha mji. Huenda Septemba na Oktoba kwa kuwa halaiki ya Agosti imekwisha rudi makwao, bei za vyumba zimeshuka, na jua halichomi tena. Sisi wa Kigoma wakati wetu huchaguliwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi unapokuwa mpevu nuru hutanda ziwa zima, dagaa hawakusanyiki tena penye taa, na wavuvi huvuta mitumbwi pwani wakashona nyavu. Siku hizo baba yule hana cha kununua wala cha kuuza. Basi ikiwa likizo ya shule itakutana na mbalamwezi, siku zimepatikana bila kupoteza riziki. Na riziki si jambo la mchezo. Mwaka 2024 uvuvi ulipofungwa katika Ziwa Tanganyika, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, nyumba nyingi za mtaa ule zilipata likizo ya miezi mitatu isiyo na nauli. Kibubu cha kwanza cha familia hii kililiwa wakati huo kikaisha.

Baba alitaka Dar es Salaam. Alitaja bahari, akataja treni ya umeme ambayo tangu 2024 inakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na baada ya kikombe cha pili akataja sababu yenyewe: jirani yake alikwenda mwaka jana na hajaacha kusimulia. Treni ya umeme ni fahari yetu, lakini haijafika Kigoma. Kutoka ziwani hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Katika likizo ya siku chache, na bibi wa miaka sabini akiwa safarini, sehemu kubwa ya fedha ingenunua uchovu.

Mama alitaka Bujumbura, na kwa fundi cherehani naielewa shauku hiyo: vitenge. Mji ule umekaa mwisho wa kaskazini wa ziwa letu hili hili, na katika mtaa wa Buyenzi mtu wa Ujiji huongea Kiswahili chake bila mkalimani. Singeukataa. Ila watu watano watahitaji hati za kuvukia mpaka wa Manyovu na vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, na uhaba wa petroli uliowatesa Warundi miaka ya 2024 na 2025 unamtaka msafiri aulize kwanza habari za magari kwa waliotoka huko karibuni. Ng'ambo ya magharibi iko Kalemie, ambako wakazi wengi wa Ujiji wana jamaa. Baada ya Goma na Bukavu kutekwa mwanzoni mwa 2025, sikuwa na ujasiri wa kuwashauri watu wenye watoto waende kutembea mashariki ya Kongo. Nilikotamani kuwapeleka mimi ni Mpulungu, Zambia, kwa meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuletwa Kigoma vipande vipande katika masanduku. Lakini mwishoni mwa miaka ya 2010 mama huyo alisimamishwa apate matengenezo, na safari ya familia haipangwi juu ya matumaini.

Muda wote huo bibi alikuwa akichagua mchele. Nikamwuliza, "Na wewe bibi, ungependa wapi?" Akajibu pasipo kuinua uso, "Mimi sijaulizwa mpaka umekuja wewe, mwanangu. Nina dada yangu Tabora."

Pakawa kimya. Walionana mara ya mwisho 2009, alipofariki kaka yao. Habari ilifika Buzebazeba alfajiri, nauli ikachangishwa mchana, na walipoingia Tabora kaburi lilikwisha fukiwa na kumwagiwa maji. Walikaa siku tatu, wakarudi. Nilipowauliza watu wazima wa nyumba ile ni safari zipi nyingine wamewahi kwenda, walizihesabu kwa vidole, na kila kidole kilikuwa msiba, isipokuwa kimoja kilichokuwa harusi. Wasomaji wangu wengi wakihesabu vyao watapata jawabu lile lile. Safari za namna hiyo hatuzichagui: mji huchaguliwa na marehemu.

Baba alijikuna shingo. "Lakini dada mwandishi, Tabora! Watu watasema nimekwenda gulioni."

Nilimwambia aache watu waseme, nami namtetea Tabora hapa kwa sababu zangu. Kwanza, reli. Ni kilomita mia nne na ushee, usiku mmoja ikiwa mambo ni salama, kupitia Uvinza ya chumvi, daraja la Malagarasi, Nguruka, Kaliua na Urambo. Njia hiyo si ngeni kwa Ujiji. Livingstone na Stanley waliishika mwishoni mwa Desemba 1871 wakafika Unyanyembe Februari 1872, karibu miezi miwili kwa miguu na kwa mashua. Tembe aliyokaa Livingstone akingoja wapagazi hadi Agosti mwaka ule ipo Kwihara, nje kidogo ya mji, na kijana wa darasa la nne anaweza kuiona kwa nauli ya bodaboda. Akiwa huko aulizie habari za mtemi Isike, ambaye Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake, aliilipua ghala ya baruti kuliko kuwaangukia mikononi.

Sababu ya pili ni ya binti. Majani mekundu anayoyatamani ya Vienna yako njiani. Ulaya majani huwa mekundu yakiwa yanakufa. Katika misitu ya miombo, Septemba na Oktoba, kabla hata tone la mvua halijaanguka, miti hutoa majani machanga mekundu kama shaba, kisha ndipo yanageuka kijani. Mapambazuko yakikukuta kwenye dirisha la behewa kabla ya Urambo, utaona msitu mzima umewaka. Mimi nimeuona mara mbili, na mara zote mbili abiria wenzangu walikuwa wamelala.

Sitaficha ubaya wake. Septemba Tabora kuna vumbi na joto, na Oktoba ni zaidi. Embe bado mbichi. Asali ipo, lakini onja kabla ya kulipa. Treni haiondoki kila siku, kwa hiyo baba aende stesheni mapema akalinganishe ratiba na kalenda ya mwezi na ya shule, na kama fedha zinatosha bibi alipiwe kitanda cha chini, si kiti.

Mzozo haukuisha mbele yangu. Mama alikuwa bado anasema vitenge, na baba alisema atafikiri. Bibi alinisindikiza hadi barabarani. Aliniuliza jambo moja tu, kama debe la dagaa linaruhusiwa kuingia behewani, kwa sababu dada yake huwapenda wa Kigoma na wa Mwanza hawali. Nikamjibu kwamba wanaruhusiwa, ila wafungwe vizuri wasinuke.