Kompyuta Inazimika, Nasi Tunalipa

Sisi tunaosema haya ni wenye vibanda vya steshenari nje ya shule na hospitali, makarani wa vikundi vya kuweka na kukopa, walimu tunaochapa mitihani ya mwisho wa muhula, na wazazi tulionunulia watoto kompyuta moja ya mezani. Mashine zetu nyingi ni mtumba: zilifanya kazi maofisini huko Ulaya, au zilipitia Dubai kabla ya kufika Kariakoo. Tumezinunua kwa kudunduliza, na ndizo zinazotulisha. Sasa zinazimika. Hakuna onyo wala ujumbe. Mteja ameketi anasubiri barua yake ya maombi ya kazi, ukurasa umekaribia kwisha, mara skrini nyeusi.

Hatulalamiki kwamba mashine zinaharibika. Kila kilichoundwa kwa mkono wa binadamu kina siku yake. Tunacholalamikia ni kutibiwa kwa kubahatisha, na kulipishwa kila anayetibu anapobahatisha.

Mlolongo wenyewe tumeukariri. Unapakia kasha kwenye bodaboda hadi kwa fundi. Hajafungua hata skrubu moja, ameshatoa hukumu: "Hiyo Windows hiyo, mama. Tuipige upya tu." Unalipa. Mafaili ya wateja yaliyokuwa kwenye desktop yamekwenda. Baada ya siku chache inazimika tena, unarudi, unaambiwa ni RAM. Unalipa. Inazimika. Safari hii ni pawa saplai. Unalipa. Mwisho unaambiwa madabodi imechoka, nunua mashine nyingine. Katika safari zote hizo hakuna aliyeshika kipimo. Hakuna aliyeuliza: inazimika saa ngapi, ikiwa inafanya nini, na inazimikaje?

Maswali hayo matatu ndiyo nusu ya tiba. Mashine inayokata ghafla kama iliyochomolewa ukutani inaelekeza kwenye umeme au joto. Inayoonyesha skrini ya bluu kisha ikajiwasha yenyewe inaelekeza kwenye kumbukumbu, diski au programu zinazoendesha vifaa. Windows ina kawaida ya kujiwasha upya kabla mtu hajausoma ujumbe wa bluu, lakini kuna mpangilio wa kuizuia ili ujumbe ubaki usomeke. Ni kazi ya dakika mbili, na ni mafundi wachache mno wanaotufanyia.

Kuna jambo lingine linalotuuma zaidi. Ndani ya Windows kuna daftari la matukio, Event Viewer. Kila mashine inapozimika bila utaratibu, ikiwashwa tena huandika humo tukio namba 41, Kernel-Power, pamoja na tarehe na saa. Tukio hilo halitaji mkosaji. Linasema tu kwamba mashine ilikatika bila kuagwa. Lakini ukipanga saa hizo kwenye karatasi, unaona. Zote ziko kati ya saa saba na saa tisa mchana? Tafuta joto. Zote zinaangukia pale printa inapofanya kazi? Tafuta umeme. Anayepiga Windows upya kabla ya kusoma daftari hilo amefuta ushahidi wote, kisha anatutoza kwa kuufuta.

Na kama shaka ni Windows kweli, kipimo chake ni rahisi na hakina gharama. Washa mashine, ingia kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaotangulia Windows, iache hapo. BIOS haiihitaji Windows. Mashine ikizimika ikiwa humo, Windows haihusiki, na hakuna sababu ya kuigusa. Siku hizi tunaambiwa pia kwamba mashine zinazimika kwa sababu Windows 10 imekwisha muda wake. Ni kweli msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na hilo ni suala zito la usalama. Lakini kukoma kwa masasisho hakukati umeme wa kompyuta ya mtu.

Tuseme basi habari ya joto, kwa sababu wengi wetu tunafanya kazi chini ya bati. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguza kasi, na joto likizidi kupanda mashine hujizima ili isiungue. Inajilinda. Vumbi limejaa kwenye feni na katikati ya mapezi ya kipoza joto. Ile pesti iliyopakwa kati ya prosesa na kipoza joto imekauka, maana mashine ilitoka kiwandani miaka kumi iliyopita na haijapakwa tena. Tiba yake ni bloa, brashi laini na tone la pesti mpya. Joto lenyewe mara nyingi linaonekana humo humo kwenye BIOS. Ni kazi ndogo kuliko zote, na ndiyo ingetangulia. Badala yake tunauziwa RAM.

Umeme nao una siri zake ambazo hakuna anayetufumbulia. Pawa saplai hupokea volti 230 za ukutani na kutoa volti 12, 5 na 3.3 kwa vifaa vya ndani. Kiwango kinachofuatwa na watengenezaji kinataka laini ya volti 12 isishuke chini ya 11.4 wala kuvuka 12.6. Maltimita ya bei nafuu inalipima hilo kwa dakika chache, mashine ikiwa kazini. Tena umeme ukikatika, pawa saplai nzima hubeba mashine kwa takriban milisekunde 16 tu, muda usiofika hata sehemu ya hamsini ya sekunde. Kupepesa kidogo kwa umeme, taa ikionekana kama haikuzimika, kunatosha kuiangusha kompyuta.

Sasa tazama vibanda vyetu. Soketi moja ukutani, ekstensheni moja sakafuni, na juu yake kuna kompyuta, skrini, printa ya leza, mashine ya fotokopi na friji la soda. Printa ya leza ina kinu cha kuunguzia wino kwenye karatasi, na kinapopasha moto huvuta mamia ya wati kwa mkupuo. Compressor ya friji ikianza, nayo inavuta. Volti zinashuka, na kompyuta yenye pawa saplai dhaifu inakata. Ndiyo maana kwa wengi wetu inazimika mteja anapobonyeza "print". Wapo wenzetu waliobadilisha RAM mara mbili kwa ugonjwa uliokuwa kwenye ekstensheni. Tena printa ya leza isichomekwe kabisa kwenye UPS, kile kisanduku cha betri cha kushikilia mashine umeme ukikatika. UPS ndogo inazidiwa na mzigo huo, ikikata inakata na kompyuta. Neno hilo moja aliyetuuzia UPS angeweza kutuambia pale dukani.

Na UPS zenyewe! Ndani yake kuna betri ya risasi na asidi, ambayo kwa kawaida huishi miaka mitatu hadi mitano, na joto la pwani huifupishia maisha. Betri ikifa, UPS inaweza kubaki na taa ya kijani, mwenye nayo akiamini analindwa. Umeme ukiyumba, kila kitu kinazimika. Kuijua ni rahisi: hifadhi kazi zako, chomoa UPS ukutani, uone kama kompyuta itabaki hai. Tunauziwa UPS za mtumba bila kipimo hicho kufanyika mbele yetu. Kwa nini?

Lakini kidonda kikubwa ni pawa saplai zenye lebo ya uongo. Dukani unapewa kasha jepesi lililoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Geuza ubavuni usome laini ya volti 12: ampea 14. Zidisha 12 kwa 14, unapata 168. Hizo 500 ziko wapi? Kompyuta ya ofisi isiyo na kadi ya michezo mara nyingi haili hata wati 100, kwa hiyo pawa saplai ya kweli ya wati 240, kama zile zinazokuja ndani ya mashine nyingi za ofisi, inatosha na kubaki. Yenye lebo ya 500 na matumbo ya 168, iliyopunguziwa koili na kapasita za kuchuja umeme, ndiyo inayotuzimia mashine na siku nyingine kuondoka na madabodi. Hesabu hiyo ya kuzidisha mtoto wa darasa la nne anaiweza. Muuzaji anaiweza pia.

Kuna na sababu ndogondogo ambazo haziligharimu duka lolote kuzikagua. Waya wa umeme umelegea nyuma ya kasha. Kitufe cha kuwashia kimenasa ndani, na kitufe kikibanwa kwa sekunde nne hivi mashine huzimika. RAM imejaa kutu kwenye meno yake, inahitaji kufutwa na kukazwa tu. Kapasita za madabodi zimevimba vichwa au zinavuja maji ya kahawia, jambo linaloonekana kwa macho mara kasha likifunguliwa. Hapa tunataka kuonyana pia sisi kwa sisi: kasha la kompyuta tufungue baada ya kuchomoa waya, lakini pawa saplai yenyewe tusiifungue kamwe, kwa kuwa kapasita zake huweka umeme wa kuua hata ikiwa imechomolewa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wapo mafundi waaminifu, vijana kwa wazee, wanaopima kabla ya kusema, wanaokwambia "hii ni vumbi tu" na kukutoza ya vumbi. Hao tunawajua na tunaelekezana kwao. Wengine hawana ubaya wa moyo. Walijifunza kwa kumwangalia mwenzao akibahatisha, wakadhani ndiyo ufundi. Lakini nia njema ya fundi hairudishi fedha zetu.

Wala tusidanganywe na yale maandishi ya chini ya risiti, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Nchi hii ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inayotaka bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndani yake kuna sehemu nzima ya kumlinda mlaji dhidi ya maelezo ya uongo, na Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Lebo ya wati 500 kwenye kasha lenye wati 168 tu za laini ya volti 12 ni maelezo ya uongo. Tatizo ni kwamba mwenye kibanda hafungi biashara kwenda kushitaki pawa saplai moja. Wajibu wa wakaguzi ni kuingia madukani wakapime wenyewe, bila kusubiri malalamiko yetu.

Tunachodai kinatekelezeka leo. Fundi apime kabla ya kubadilisha, na atuandikie alichokipima: nyuzi joto ngapi, volti ngapi, tukio la saa ngapi. Kifaa kipya kijaribiwe mashine ikiwa na mzigo, mbele yetu, kabla hatujalipa. Kifaa cha zamani turudishiwe mkononi. Mafaili yetu yanakiliwe kwanza, kila mara, pasipo kuombwa. Wauzaji wa mtumba wawashe mashine ifanye kazi nzito kwa saa nzima, maana kuwaka kwa dakika tano dukani hakuthibitishi chochote.

Nasi tutatimiza upande wetu. Tutaandika saa na tukio kila inapozimika, tutaondoa printa kwenye UPS, tutapuliza vumbi kabla halijawa ukuta, na tutakuja kwa fundi na karatasi yenye maelezo. Fundi atakayeisoma karatasi hiyo na kushika kipimo, tutamlipa stahili yake bila kuomba apunguze. Atakayeiweka kando na kusema "tupige Windows", tutalibeba kasha letu twende kwa mwingine, na jirani zetu tutawaambia.